Piano yenu haina nyuzi, mwalimu: kwa nini G inapiga kelele na B haitoki

"Habari za kazi, fundi. Nafundisha kwaya parokiani hapa Tanga. Mwaka jana waumini walichanga, tukanunua piano ya kidijitali ya vibonyezo 88, iliyotumika, imetoka Japani. Adapta yake iliungua siku ya kwanza, tukanunua nyingine mtaani, na baada ya hapo ikawa raha tupu kwa miezi kadhaa. Sasa G na A za katikati, hata nikizigusa kwa upole, zinapiga kelele kama nimezipiga kwa ngumi. B iliyo jirani mara inatoka, mara haitoki kabisa, na D moja imeanza kufuata. Kanyagio tulilonunua linafanya kazi kinyume: nikikanyaga sauti inakatika, nikiachia inaendelea kulia. Tukiunganisha kwenye miksa ya kanisa kupitia tundu la hedifoni, sauti inakuwa nyembamba kama ya mtu anayeimba ndani ya pipa. Nikichanganya sauti ya piano na ya vayolini wakati wa komunio, noti za besi zinapotea. Na Jumapili mbili zilizopita imezimika yenyewe katikati ya misa. Fundi wa hapa ameisikiliza, akasema bodi kuu imeungua, tutafute laki sita. Wazee wa kwaya wanasema ikazwe nyuzi, maana hailingani na kinanda chetu cha zamani. Tufanye nini? Hela ya nyingine hatuna."

Pole na kazi, mwalimu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na nimehesabu malalamiko sita. Katika hayo sita naona ubovu wa kweli mmoja, na mwingine mdogo wa kutilia shaka. Manne yaliyobaki ni piano kufanya vile ilivyoagizwa au ilivyounganishwa. Na huo ubovu mmoja siamini kwamba unafika laki sita. Kwa hiyo mwambie mweka hazina wa kwaya asitoe kitu kwanza.

Nianze na wazee, kwa sababu hoja yao ndiyo rahisi kuimaliza. Piano ya kidijitali haina nyuzi za kukaza. Ndani yake mmehifadhiwa sauti za piano halisi, zilizorekodiwa noti baada ya noti, na kibonyezo chako kinaitisha tu rekodi inayohusika. Mwendo wa rekodi hizo unaongozwa na kipande kidogo cha kristali, kama kile cha kwenye saa ya mkononi. Joto la Tanga linaweza kuivuruga piano ya mbao na nyuzi ndani ya msimu mmoja. Hii yenu halitaigusa kwa kiasi cha sikio kutambua. Ikiwa hailingani na kinanda cha zamani, basi ama kuna mtu aliyebadilisha mpangilio, ama kinanda cha zamani ndicho kilichohama.

Hili utalipima leo hii. Weka kwenye simu programu yoyote ya bure ya kupimia gitaa, kisha bonyeza A iliyo juu ya C ya katikati. Ikisoma 440, yaani mitetemo 440 kwa sekunde, piano iko sawa na dunia, na wazee wawe wapole. Ikisoma karibu 466, piano imepandishwa nusu noti: kuna mtu aligusa ile batani ya kuhamisha ufunguo wa wimbo, pengine mtoto wa kipaimara. Ikisoma 442, basi mwenye nayo wa kwanza aliipandisha kidogo kwa makusudi. Orkestra nyingi za Japani hupiga kwa 442, kwa hiyo aliyekuwa anamsindikiza mpiga vayolini angefanya hivyo. Kwaya peke yake haitasikia tofauti ya 440 na 442, lakini ukipiga vyombo viwili pamoja utasikia sauti inayumba, mawimbi mawili kila sekunde. Vyote hivyo hurudishwa kwa kuirejesha piano kwenye mipangilio ya kiwandani. Kila modeli ina njia yake. Kwenye Yamaha P-45, kwa mfano, unashikilia kibonyezo cha mwisho kabisa kulia huku ukiiwasha. Kitabu cha maelekezo cha modeli yenu kinapatikana bure mtandaoni, na ukiandika namba ya modeli kama ilivyochapwa mgongoni utakipata hata kama ya kwenu ilikuja na kitabu cha Kijapani.

Sasa bodi kuu. Simsemi vibaya fundi mwenzangu, lakini fikiri naye: bodi kuu ndiyo inayotoa sauti za vibonyezo vyote. Wewe una vibonyezo 88, vinne vinasumbua, 84 vinaimba vizuri. Bodi iliyoungua ingechagua vipi G, A, B na D za katikati, zile zile ambazo vidole vyako havitoki hapo kila Jumapili?

Kuna jaribio lisilohitaji hata bisibisi. Piano nyingi zina nyimbo za maonyesho ndani yake. Piga mmoja wenye noti nyingi za katikati, usikilize. Nyimbo hizo hazipiti kwenye vibonyezo. Zinatoka kwenye kumbukumbu moja kwa moja kwenda kwenye chipu ya sauti, amplifaya na spika. Ukisikia G na B zinatoka laini humo, basi kuanzia chipu hadi spika kuna afya, na ugonjwa uko kabla ya hapo, yaani chini ya vidole vyako. Ningekuwa Tanga ningeanza na jaribio hili kabla ya kunywa chai.

Huko chini ya vidole ndiko ninakotaka tukae kidogo, kwa sababu ukishaelewa kinachofanyika utaona kwamba kelele ya G na ukimya wa B ni ugonjwa mmoja.

Piano yenu haijui nguvu. Watu wengi wanadhani chini ya kila kibonyezo kuna mzani unaopima kidole kimeshuka na uzito gani. Hakuna. Kinachopimwa ni muda. Chini ya kila kibonyezo kuna kipande cha raba laini chenye vidoa viwili vyeusi vya kaboni, na chini ya raba kuna ubao wa saketi wenye vidoa vingine vinavyolingana navyo. Ukibonyeza, kidoa cha kwanza kinagusa ubao, kisha kidogo baadaye kinagusa cha pili. (Piano za bei ya juu huwa na mguso wa tatu, ili kibonyezo kiweze kurudiwa haraka kabla hakijapanda chote.) Chipu inahesabu muda uliopita kati ya miguso hiyo miwili. Ukipiga kwa nguvu, ni milisekunde chache tu. Ukigusa kwa upole, muda unarefuka mara kumi na zaidi. Muda mfupi maana yake mpigaji ana hasira, toa sauti kubwa. Muda mrefu maana yake mpigaji anabembeleza, toa sauti ndogo. Basi, hapo ndipo akili yote ya mguso wa piano hii inapoishia.

Sasa fikiria basi linalotoka Dar kuja kwenu. Mtu mmoja amekaa Chalinze anaandika saa basi linapopita, mwenzake yuko Segera anafanya hivyo hivyo, na mwendo wa dereva unajulikana kwa kulinganisha karatasi zao. Siku moja yule wa Chalinze anasinzia. Basi linapita, anazinduka likiwa limeshafika mbali, anaandika saa ya kuzinduka kwake. Kwenye karatasi, dereva ametoka Chalinze hadi Segera kwa dakika ishirini. Atapigwa faini ya mwendo kasi na hana kosa. Hiyo ndiyo G yako. Mguso wa kwanza umeingia uchafu, unachelewa kushika, unashika karibu sawa na wa pili. Chipu inaona muda mfupi mno na inatoa sauti kubwa kuliko zote. Siku nyingine anayesinzia ni yule wa Segera. Basi limepita Chalinze, halikuandikwa kufika popote. Kwa chipu, kibonyezo hakijabonyezwa hadi mwisho, kwa hiyo hakuna noti. Hiyo ndiyo B yako. Ndiyo maana inatoka mara moja moja, pale unapoigandamiza kwa nguvu hadi kidoa kinapenya uchafu.

Uchafu gani? Vumbi kwanza. Kwenu ongeza hewa ya chumvi. Ongeza unga mweusi wa kaboni yenyewe inapolika kwa miaka. Halafu kuna wapangaji: ndani ya piano kuna giza na joto kidogo, na mende hupenda vyote viwili. Nimewahi kutoa humo mayai ya mende, sindano ya nywele, punje za mchele wa harusini na sarafu ya shilingi mia mbili, yote katika chombo kimoja.

Kabla ya kufungua, hakikisha. Jambo la kwanza, kama vibonyezo vyote 88 vingekuwa vinatoa sauti ya ukubwa ule ule hata ukigusa vipi, hapo ningesema ni mpangilio tu, mguso umewekwa kuwa usiobadilika. Kwako ni vinne, kwa hiyo si hilo. Jambo la pili, kama piano ina tundu la USB la mraba, lile linalotumia waya wa printa, iunganishe na kompyuta au na simu ya Android kupitia kichwa cha OTG, kile kidogo cha kuchomekea waya wa USB kwenye simu, kisha tumia programu ya bure ya kuonyesha ujumbe wa MIDI. MIDI ni lugha ambayo vyombo vya elektroniki vya kampuni mbalimbali vimekuwa vikizungumza tangu 1983, na uzuri wake kwetu mafundi ni kwamba haina huruma. Kila kibonyezo kina namba, C ya katikati ni 60, na kila pigo linakuja na kasi yake kati ya 1 na 127. Gusa F kwa upole utaona labda 30. Gusa G kwa upole ule ule. Ukiona 127, au namba zinarukaruka hovyo, umeshamkamata aliyesinzia Chalinze. Andika namba hizo kwa kila kibonyezo, uzihifadhi. Baada ya kusafisha utazilinganisha.

Jambo la tatu ni mpangilio wa vibonyezo vibovu, na hili wengi hawaliangalii. Uchafu hauna hesabu: unakaa G, A, B, D, bila utaratibu, mara nyingi katikati. Lakini vibonyezo hivi husomwa kwa makundi kupitia nyaya chache zinazopishana kama uzi wa mkeka. Ukiona ubovu unajirudia kwa hesabu kamili, tuseme kila baada ya vibonyezo vinane, huo si uchafu, ni waya mmoja wa mkeka umekatika. Ukiona oktava nzima imekufa, au upande mzima wa kulia, ujue ule ukanda mwembamba wa nyaya unaounganisha bao za saketi umechomoka au umekatika. Hizo ni kazi za fundi mwenye mita na mkono uliotulia. Kwa maelezo yako wewe uko kwenye uchafu, na nakupongeza.

Je, ufungue mwenyewe? Nitakuambia ukweli pande zote. Kazi yenyewe si ngumu kiakili, ni ndefu na inachosha. Piano ya vibonyezo vizito ina skrubu nyingi za urefu tofauti, na chini ya kila kibonyezo kuna nyundo yake. Ili kufika kwenye raba unaweza kulazimika kutoa ubao wote wa vibonyezo, ambao ni mzito kweli, ni wa kubebwa na watu wawili. Panga nusu siku ya kazi na usianze Jumamosi jioni. Kama kwenye kwaya yako kuna kijana anayefungua simu na kuzirudisha zikafanya kazi, anaweza. Kama hakuna, mtafute fundi wa elektroniki, mpe maelezo haya, mkubaliane bei ya kusafisha, siyo bei ya kubadilisha bodi.

Kwa atakayefungua, piano ichomolewe umeme kabisa. Piga picha kila hatua, hasa mahali kila ukanda wa nyaya ulipoingia. Raba huja kwa vipande, mara nyingi kipande kimoja kwa oktava. Ing'oe taratibu, isivutwe kama ngozi ya kuku. Vidoa vya kwenye ubao vipanguse kwa kitambaa kisichotoa nyuzinyuzi kilicholowa kidogo spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, halafu usubiri ikauke. Spiriti za kusafishia vidonda nyingine zina mafuta ndani yake, kwa hiyo soma chupa kwanza. Petroli hapana, msasa hapana, wala ile dawa ya kopo ya kulegeza kutu ambayo kila gereji wanayo. Kaboni ile ni tabaka jembamba. Msasa ukipita mara moja, hapo ndipo utahitaji laki sita kweli. Vidoa vya kwenye raba vipangusie kwa wepesi zaidi, na usivishike kwa vidole, maana mafuta ya ngozi ni uchafu mpya. Grisi utakayoiona kwenye nyundo si uchafu, iache ilipo.

Nina ujanja mmoja wa watu maskini, na nausema kwa fahari. Katika modeli nyingi vipande vya raba vya oktava za katikati vinafanana na vya juu. Ukisafisha na G bado inasumbua, badilishana: kipande cha katikati kipeleke kwenye oktava za juu kabisa, kile cha juu kilete katikati. Huko juu wapiga kinanda wa kanisani hawaendi mara kwa mara, kwa hiyo raba yake ni kama mpya. Ubovu ukihama pamoja na raba, umejua raba imelika na inaweza kuagizwa peke yake. Ukibaki palepale, tatizo liko kwenye ubao.

Nihamie kwenye miksa. Hapa nina uhakika karibu kamili wa kilichotokea, na nitashangaa nikikosea. Tundu la hedifoni linatoa sauti mbili, ya kushoto na ya kulia, kwenye plagi moja yenye pete mbili nyeusi. Ninyi mmechukua waya wenye plagi ya pete mbili pande zote mbili, mkaingiza kwenye mlango mmoja wa miksa. Mlango huo wa miksa hautarajii kushoto na kulia. Unatarajia sauti moja iliyotumwa mara mbili, mara ya pili ikiwa imegeuzwa, na kazi yake ni kutoa moja kutoka kwa nyingine ili kelele za njiani zife. Kwa hiyo miksa yenu, kwa utiifu kabisa, inachukua kushoto inatoa kulia. Kila kilichokuwa sawa pande zote mbili, yaani kiini cha sauti ya piano, kinajifuta. Kinachobaki ni mwangwi wa pembeni, na huyo ndiye mtu wenu wa ndani ya pipa.

Dawa yake ni waya wa Y, plagi moja ya pete mbili upande wa piano na plagi mbili za kawaida, za pete moja, upande wa miksa, ziingie chaneli mbili, moja izungushwe kushoto na nyingine kulia. Kama spika za kanisa zote zinapiga kitu kimoja, ingiza plagi ya kushoto tu na yatosha. Kama piano ina matundu ya kutolea sauti mbali na hedifoni, tumia hayo, na ukiwa na waya mmoja tu uingie lile la kushoto. Ukisikia mngurumo baada ya hapo, hasa kwa waya mrefu, omba kisanduku cha DI, kile kinachokaa kati ya piano na miksa kukata mngurumo, kwa wale wanaokodisha vyombo; mnunue kimoja mkipata nafasi. Na usisahau kwamba plagi ikiwa kwenye tundu la hedifoni, spika za piano yenyewe huzimwa. Niliwahi kuitwa nyumba moja Dar kwa piano iliyokufa sauti. Nikaifungua yote, saa mbili na zaidi, kisha mtoto wa nyumba akaniuliza kile kichwa cha dhahabu kilichobaki kwenye tundu la hedifoni ni cha nini. Sikuwatoza.

Kanyagio halina ugonjwa. Ndani yake kuna swichi tu. Makanyagio mengine hufunga umeme yanapokanyagwa, mengine hufungua, na kampuni hazikukubaliana. Piano nyingi hulitazama kanyagio wakati wa kuwashwa na kulichukulia jinsi zilivyolikuta kuwa ndiyo hali ya kupumzika. Kwa hiyo zima, chomeka kanyagio, ondoa mguu, ndipo uwashe. Ikibaki kinyume, angalia chini ya kanyagio kama kuna kiswichi kidogo cha kugeuza. Kama hakuna, libadilisheni dukani kwa lenye kiswichi hicho.

Noti za besi zinazopotea ni suala la hesabu. Piano ina idadi ya sauti inazoweza kutoa kwa wakati mmoja: P-45 niliyoitaja ina 64, nyingine zina 128, 192 au 256. Ukisikia 64 unadhani ni nyingi kwa mtu mwenye vidole kumi. Lakini tuhesabu. Mkono wa kulia noti nne, wa kushoto mbili, jumla sita. Umechanganya piano na vayolini, zimekuwa kumi na mbili. Rekodi ikiwa ya kushoto na kulia, kila moja inahesabiwa mbili, ishirini na nne. Umekanyaga na hujaachia, chodi ya pili inafika arobaini na nane, na ya tatu sabini na mbili. Mahali hapatoshi, kwa hiyo piano inazima baadhi ya zilizotangulia, na besi yako uliipiga mwanzo ikakusudiwa kudumu. Inua mguu kila unapobadili chodi, au ondoa vayolini kwenye nyimbo zenye besi ndefu.

Kuzimika katikati ya misa nina maswali nayo. Je, ilizimika ikiwa kimya au ikiwa inapigwa? Piano nyingi hujizima zenyewe kuokoa umeme zisipoguswa kwa muda fulani, na nusu saa ni muda wa kawaida. Sitaki kumsema padre wenu, lakini masomo, mahubiri na matangazo vikifuatana, nusu saa si mbali. Hilo huzimwa kwenye mipangilio. Kwenye P-45 unashikilia kibonyezo cha kwanza kabisa kushoto huku ukiiwasha.

Lakini ikiwa ilizimika mkipiga kwa nguvu, sauti iko juu na chodi zimejaa, hapo namtilia shaka yule adapta wa mtaani. Adapta ya kwanza iliungua kwa sababu umeme wa Japani ni volti 100 na wa kwetu ni 230. Bahati yenu iliungua yenyewe ikaikinga piano. Kwa hii ya sasa soma maandishi yake, uyalinganishe na yaliyoko nyuma ya piano. Volti lazima zilingane sawasawa. Ampea ziwe sawa au zaidi, kamwe zisipungue. Na mchoro ule wa kiduara chenye nukta katikati ufanane, kwa sababu unaonyesha chanya iko ndani ya plagi au nje, na kampuni hazifanani hata hapo. Adapta yenye ampea pungufu itavumilia zaburi, itaanguka kwenye Aleluya.

Kuna mahali ambapo sitaki mjaribu wenyewe. Mkisikia harufu ya kuungua, chomoeni na msiwashe tena kujaribu. Kama piano ni ya aina ya kabati, yenye waya wa umeme unaoingia moja kwa moja bila adapta, ndani yake kuna sehemu yenye umeme mkubwa unaoweza kukaa kwenye kapasita hata baada ya kuchomoa. Hiyo ni ya fundi tu. Na ikimwagikiwa soda, chomoeni, igeuzeni kifudifudi, isiwashwe mpaka ifunguliwe na kuoshwa. Vyombo vya maua visikae juu yake, na siku ya kuibariki mwombeni padre anyunyizie kando kidogo. Ifunikeni kwa kitambaa cha pamba, siyo nailoni, maana nailoni hufungia unyevunyevu ndani.

Anza kesho na wimbo wa maonyesho, kisha waya wa Y na kanyagio, hivyo havihitaji kufungua kitu. Mkishafungua, mkakuta raba imechanika au vidoa vya ubaoni vimebanduka, usirudishe skrubu kwanza: nipigie picha ya ubao ikionyesha namba iliyochapwa pembeni yake, pamoja na zile namba za MIDI za G, A, B na D. Kwa hizo nitaweza kukuambia kama ni raba ya kuagiza au ni kazi ya kuchomelea.